Kazi ya tovuti kati ya mteja na fundi: mwongozo kwa wafanyabiashara wa Mombasa

Mwenye duka la leso pale Biashara Street alinipa simu yake niitazame tovuti aliyojengewa. Kwa macho ilipendeza: inafunguka haraka, rangi zimetulia, kila leso ina picha na bei. Lakini leso zilipangwa kwa rangi, nyekundu huku, buluu kule. "Mwanangu," akaniambia, "mimi nimeuza leso miaka 30, na anayeingia hapa haulizi nyekundu. Anauliza jina." Jina la leso ni ule msemo ulioandikwa chini ya mji (sehemu ya katikati ya leso), karibu na pindo, nalo ndilo linalomfanya mtu atoe pesa. Kwenye picha zote za tovuti ile leso zilikuwa zimekunjwa, jina halionekani. Tena leso huuzwa doti, vipande viwili, na mnunuzi akichagua "1" hakuambiwa kama anapata kimoja au vyote viwili.

Fundi yule alijua kazi yake, na yule mama alilipa kwa wakati. Tatizo ni kwamba hawakuwahi kukaa pamoja saa mbili kabla kazi haijaanza.

Mimi kazi yangu ni kusimama katikati ya watu hawa wawili. Nimesimamia tovuti za hoteli ndogo za Nyali na Bamburi, za maduka ya mjini, za mawakala wa kutoa mizigo bandarini. Nilichojifunza ni kwamba nusu ya kazi ya tovuti ni ya mteja, na nusu hiyo haiandikwi popote. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini ni za pande zote mbili.

Hatua ya 1. Kabla ya kumtafuta fundi, kaa na daftari

Kwa siku tatu mfululizo andika kila swali unaloulizwa na wateja: wanaopiga simu, wanaotuma WhatsApp, wanaosimama mlangoni. Usichuje, andika yote. Mwenye nyumba ya wageni Mji wa Kale ataona kwamba watu hawaanzi na historia ya nyumba. Wanauliza kama gari hufika mlangoni, maana vichochoro vingi kule havipitiki, kama chumba kina feni au kiyoyozi, kama feri ya Likoni itawachelewesha wakienda Diani, na bei ya usiku mmoja ni ngapi. Maswali kumi yanayorudi zaidi ndiyo kurasa za tovuti yako. Daftari hilo litamfaa fundi kuliko anwani tano za tovuti za hoteli za Zanzibar unazozipenda.

Kisha jiulize: tovuti ikifanya kazi vizuri, ni nini kitakachoongezeka? Simu? Oda? Vyumba vilivyolipiwa kabla mgeni hajafika? Ukikosa jibu, namba ya WhatsApp ya biashara inakutosha kwa sasa. Pesa zako ziweke.

Hatua ya 2. Msemaji mmoja kila upande

Biashara nyingi zetu ni za familia. Baba anataka kijani, binti anataka nyeupe, ndugu aliye Dubai anatuma sauti usiku kwamba nembo ni ndogo. Fundi akisikiliza wote, hamalizi. Semezaneni wenyewe kwa wenyewe mnavyotaka, lakini uamuzi umfikie fundi kwa mdomo wa mtu mmoja, na jina la mtu huyo liandikwe kwenye mkataba.

Upande wa fundi ni vivyo hivyo. Mara nyingi aliyekuuzia kazi siye anayechora, na anayechora siye anayeandika programu ya tovuti. Uliza mapema: kitu kikiharibika Jumamosi, nampigia nani?

Hatua ya 3. Andikianeni

Mjini hapa neno "tunajuana" limeharibu kazi nyingi. Fundi ni mtoto wa jirani, au mnasali msikiti mmoja, na kuleta karatasi kunaonekana kama kumshuku. Lakini aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, ni aya ya kuandikiana deni, liwe dogo au kubwa, na inawaambia walioamini waandikiane wao kwa wao. Hata asiye Mwislamu analijua la wazee: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kurasa mbili zinatosha. Ziseme tovuti itakuwa na kurasa ngapi na zipi. Ziseme bidhaa ngapi zitaingizwa na fundi, na kuanzia ya ngapi mteja ataingiza mwenyewe. Hapo ndipo ugomvi mwingi huanzia: mteja anadhani bidhaa zote 400 zimo kwenye bei, na fundi alipiga hesabu ya 20. Ziseme lugha. Hoteli ya pwani inaweza kutaka Kiingereza, Kijerumani na Kiitaliano pamoja na Kiswahili. Sasa nani atafasiri, na nani atakagua tafsiri? Ziseme marekebisho ni ya raundi ngapi (mimi huweka mbili), kazi ikiisha hakimiliki ya michoro na programu ni ya nani, na nani atalipia jina la tovuti na seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) mwaka wa pili.

Halafu wekeni kichwa cha habari "Yasiyomo". Andikeni wazi: kupiga picha hakumo, kuandika makala hakumo, kusimamia Facebook hakumo. Fundi, usione haya kuandika sehemu hii. Mteja mwema ataishukuru, kwa sababu itamwonyesha anachopaswa kutafuta kwingine.

Kuna na jambo la saa, ambalo ni letu hasa. Sisi tukisema saa nane mchana, kompyuta inajua 14:00. Niliwahi kukuta tovuti ya hoteli ikimwambia mgeni wa ng'ambo kwamba chumba ni tayari "8:00", kwa kuwa aliyefasiri alichukua saa nane kama ilivyo. Tena seva nyingi huenda kwa UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya Kenya kwa saa 3, na oda ya usiku ikaandikwa tarehe ya jana. Kwenye maandishi yote ya mradi tumieni saa 24, na fundi aweke seva au programu kwenye saa ya Nairobi.

Hatua ya 4. Majina na funguo

Kama utasoma hatua moja tu, soma hii.

Nyumba moja ya wageni niliyoitwa kuisaidia ilipoteza jina lake la tovuti mwezi wa Novemba, wiki chache kabla ya msimu. Fundi aliyelinunua miaka kadhaa nyuma alilisajili kwa jina lake mwenyewe na barua pepe yake. Akapata kazi Doha, akabadilisha namba, na barua za kumkumbusha kulipia zikawa zinaingia kwenye sanduku ambalo halifungui tena. Jina likaisha muda, tovuti ikazimika, na barua pepe za nyumba zikazimika nayo, kwa sababu zilisimama juu ya jina lile lile. Wageni waliokuwa wakiandika kuhifadhi vyumba vya Desemba walirudishiwa barua zao. Kijana yule hakuwa mwizi. Alifanya lililo jepesi siku ile, na hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata arubuni, fungua barua pepe ya biashara ambayo si ya mtoto wako, si ya karani, si ya fundi. Kila kitu kisajili kwa barua pepe hiyo. Majina yanayoishia na .ke yako chini ya KeNIC, shirika linaloyasimamia, nawe hununua kupitia wakala aliyeidhinishwa. Hakikisha anayeandikwa kama mwenye jina ni biashara yako. Fundi anaweza kuandikwa kama mtu wa ufundi. Akaunti ya seva iwe kwa jina lako, na fundi umpe ruhusa ya kuingia. Fanya hivyo hivyo kwa takwimu za wanaotembelea tovuti, ramani ya Google, na leseni za themu na plagini (sura na viongezo) za WordPress, programu ya kujengea tovuti, maana nyingi hulipiwa kila mwaka, na fundi akiondoka na leseni yake masasisho hukoma.

Usisahau laini ya simu. Akaunti nyingi sasa hutuma namba za siri kwa ujumbe mfupi, na watu huweka laini ya mfanyakazi aliyekuwapo siku ile. Akiacha kazi, unabaki nje ya mlango wako mwenyewe. Nunua laini ya biashara, iweke kwenye simu inayokaa ofisini.

Yote haya yaandike kwenye karatasi moja: akaunti, iko wapi, imesajiliwa kwa nani, inaisha lini. Nywila usiziandike hapo, wala usizitume kwa WhatsApp. Ziweke kwenye programu ya kutunzia nywila, ambayo angalau watu wawili wa familia au kampuni wanaweza kuifungua.

Hatua ya 5. Pesa

Yagawe malipo kwa kazi iliyoonekana, usiyagawe kwa tarehe. Arubuni ya theluthi kazi ikianza, theluthi nyingine michoro na kurasa kuu zikikubaliwa, na ya mwisho tovuti ikiwa hewani na funguo zote ziko mkononi mwa mteja. Anayedai yote mbele na anayetaka kulipa yote mwisho, wote wawili wanamtwika mwenzake hatari yote peke yake.

Dai risiti ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Tangu 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi na KRA kama matumizi ya biashara kwenye hesabu za kodi ya mapato. Na fundi aseme mapema kama bei yake ina VAT ya asilimia 16 au la, isije ikazuka siku ya kulipa.

Hatua ya 6. Maneno na picha, mzigo wa mteja

Hapa ndipo miradi hulala. Fundi amemaliza kiunzi, anangoja maandishi, mteja yuko dukani, siku zinakwenda. Miezi miwili baadaye kila mmoja anamwona mwenzake mvivu.

Dawa yake ni kuweka tarehe ya mteja kwenye mkataba kama ilivyowekwa ya fundi. Andikeni hivi: maandishi na picha zitafika tarehe fulani, zikichelewa siku kumi, tarehe ya kumaliza nayo inasogea siku kumi, na malipo ya hatua iliyokwisha kufanywa hayangoji. Nimeona sentensi hiyo moja ikiokoa urafiki.

Kama kuandika ni kazi ngumu kwako, usiandike. Chukua simu, jirekodi ukimweleza mteja wa kweli unachouza, kama unavyofanya kila siku, na umpe kijana anayejua kuandika ayaweke kwenye karatasi. Yule mama wa leso alifanya hivyo kwa mchana mmoja. Alieleza leso ipi hupelekwa kwa bibi harusi, ipi hupewa mzazi aliyejifungua, na kwa nini msemo fulani huwezi kumpa mkwe. Maneno yale hakuna fundi angeyabuni.

Picha nazo: ikunjue leso, itandaze yote, mwanga wa asubuhi, pembe nne zionekane na jina lisomeke. Piga nyingine ya karibu ya jina peke yake. Kisha zitume kama faili, kwa maana WhatsApp ikitumiwa picha kwa njia ya kawaida huzibana na herufi ndogo huvia. Fundi atazipunguza mwenyewe kwa ajili ya tovuti. Picha ya simu huwa na megabaiti kadhaa, na ukurasa wenye 20 kama hizo unamla mnunuzi bando kabla hajaona bei. Zikishuka hadi kama kilobaiti 200 kila moja, bado zinapendeza.

Angalia pia fomu unazomwekea mteja azijaze. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka uchukue taarifa unazozihitaji tu, na data za watu zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Kama huhitaji namba ya kitambulisho au ya pasipoti wakati wa kuulizia chumba, usiiombe.

Hatua ya 7. Kusema kilicho kibaya

"Sijaipenda" haimsaidii fundi. Mwambie: ukurasa wa vyumba, simu ya Tecno, nilibonyeza "Hifadhi chumba", ikabaki nyeupe, nilitarajia kuona tarehe. Mpigie picha ya skrini. Mambo haya yakusanye kwenye orodha moja, uitume mara moja kwa wiki kupitia yule msemaji wenu. Sauti kumi na tano za usiku wa manane zitasahauliwa nusu.

Kwenye orodha tenganisheni makosa na mambo mapya. Kitu kilichoahidiwa na hakifanyi kazi ni kosa, na fundi hulirekebisha bila malipo. Kitu kilichokujia akilini jana ni kipya, nacho kina bei na siku zake. Fundi, ukiombwa kipya usikubali kwa mdomo ili kumridhisha mtu. Andika bei, ngoja akubali.

Ijaribuni tovuti kwenye simu ya bei ndogo, kwa bando, mkiwa sokoni Kongowea au ndani ya matatu. Wi-Fi ya ofisini huficha mengi.

Hatua ya 8. M-Pesa

Tovuti inayouza bila M-Pesa Kenya inajifungia mlango. Lango la Safaricom la kuunganisha programu na M-Pesa linaitwa Daraja, na lina uwanja wa majaribio ambao fundi anaweza kuutumia bila pesa halisi. Kutoka hapo kwenda kwenye pesa halisi kunahitaji Paybill au Till iliyosajiliwa kwa biashara yako, na mtu wako mwenye ruhusa kwenye akaunti ya M-Pesa ya biashara. Jambo hili lianzeni mapema, kwa maana ni la mteja, na huwa linaachwa hadi wiki ya mwisho. Hakikisheni namba iliyomo ndiyo mnayoitumia leo. Familia hubadilisha Till, na ya zamani hubaki kwa jina la mtu aliyekwisha kuondoka.

Siku ya kujaribu, wekeni bidhaa ya shilingi 1. Lipeni kwa PIN sahihi, muone oda ikiingia. Mara ya pili ombi la PIN likitokea kwenye simu, likataeni. Daraja hurudisha jibu namba 1032, na mnunuzi aone ujumbe unaoeleweka kwa Kiswahili, pamoja na nafasi ya kujaribu tena. Jaribuni na laini isiyo na salio, halafu na simu iliyozimwa. Jaribio la mwisho ndilo wengi hulisahau: lipeni, kisha mfunge ukurasa wa tovuti kwenye simu papo hapo kabla haujarudisha jibu. Pesa zimetoka. Je, oda imeandikwa? Ikiwa haikuandikwa, tovuti haiko tayari, hata kama kila kitu kingine kinang'aa. Mteja aliyekatwa pesa na asionekane kwenye orodha yako atakuja kusimama dukani mbele ya watu.

Hatua ya 9. Siku ya kufungua

Hesabu msimu. Hoteli inayotaka wageni wa Desemba iwe na tovuti iliyokwisha kuzoeleka tangu Septemba. Miezi ya masika, wageni wakiwa wachache, ndiyo ya kujenga. Kama Ramadhani inaangukia katikati ya mradi, pangeni kazi za kukutana asubuhi na mkubaliane mapema wiki ya Idi ni tupu.

Fungueni Jumanne au Jumatano asubuhi. Ijumaa watu wanaingia msikitini, halafu wikiendi, na kosa la Ijumaa jioni hukaa hadi Jumatatu. Kama mnahama kutoka seva ya zamani, siku moja kabla fundi apunguze TTL ya jina la tovuti (muda ambao mitandao hukumbuka jina hilo liko seva gani) hadi sekunde 300, wageni wasibaki wakipelekwa kule kwa zamani. Tovuti ya zamani ihifadhiwe angalau mwezi. Cheti cha usalama cha Let's Encrypt ni cha bure na kwa kawaida hudumu siku 90, kwa hiyo fundi akuonyeshe kwamba kinajihuisha chenyewe.

Hatua ya 10. Matunzo, na kuachana

Kubalianeni malipo madogo ya kila mwezi kwa masasisho na nakala za akiba. Mara moja kwa miezi mitatu mwambie fundi airudishe nakala moja mahali pa majaribio, uione ikifunguka. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa usiitegemee.

Mkikosana, anzeni na karatasi ya Hatua ya 3, muipitie pamoja mstari kwa mstari, na mtu mzima mnayemheshimu nyote akiwepo. Ikishindikana kabisa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kwenda bila wakili.

Mara nyingi hamkosani, fundi anahama tu. Siku hiyo mkae na kompyuta moja. Afungue jina la tovuti, uone biashara yako kama mwenye jina na tarehe ya kuisha. Afungue seva kwa akaunti yako. Akupe nakala kamili ya faili na ya hifadhidata, uiweke kwenye diski yako. Mpitie ile karatasi ya akaunti moja moja, ukibadilisha nywila naye akishuhudia, na kumwondoa kwenye ruhusa. Ombeni funguo mpya za Daraja, za zamani zifutwe. Lipeni shilingi 1 muone kama oda inaingia. Ikiingia, mlipe salio lake hapo hapo, kabla hajashuka ngazi.